Hotuba ya Mtaalamu wa Presha na Lehemu

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wangu, akina mama, na nyie vijana mliofuata harufu ya pilau: kimya! Mwenyekiti amenitambulisha kama "mzoefu wa mambo ya afya." Namsamehe. Mimi ni mtaalamu. Cheti changu kipo ukutani, na lile neno "amehudhuria" limefunikwa na ukingo wa fremu, kwa bahati mbaya.

Somo la leo ni presha na lehemu, yaani yale mafuta yanayosafiri ndani ya damu. Lakini huwezi kuyaelewa hayo bila kunielewa mimi kwanza. Mimi ndiye niliyeleta kipimo cha presha cha betri mtaani hapa. Zamani mtu alikuwa anaanguka tu, hivi hivi. Siku hizi anaanguka na namba yake. Hayo ni maendeleo, na sijasikia yakitajwa kwenye kikao hata kimoja.

Namba zenyewe ni mbili: ya juu ni moyo unaposukuma, ya chini ni unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ukikutwa na 140 kwa 90 au zaidi, siku tofauti tofauti, hiyo ndiyo presha ya kupanda. Mimi leo asubuhi nilipata 178 kwa 104, nikajua betri zimechoka. Nikaweka mpya: 181. Biashara ya betri feki imeniudhi sana.

Yule binti muuguzi pale nyuma anasema mtu atulie dakika 5, asiongee, mkanda ufungwe kwenye mkono mtupu, usawa wa moyo. Mimi nawapima wamesimama, juu ya koti, huku nawahutubia. Presha zao zinapanda papo hapo. Ndivyo ninavyojua kuwa somo linaingia.

Sasa lehemu. Adui ni yai! Nyumbani kwangu yai halivuki kizingiti. Binti anadai lehemu nyingi hutengenezwa na mwili wenyewe, na kwamba kwa watu wengi kinachoipandisha zaidi ya yai ile lehemu mbaya ni mafuta yanayoganda, ya nyama nono, samli na nazi. Kwa nini aseme hivyo huku ananitazama mimi na mbavu zangu za mbuzi? Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Na hiyo nazi aliyoitaja, mafuta yake ndiyo Dawa yangu ya Moyo, chupa elfu kumi tu. Kibandiko kinasema HAINA LEHEMU. Wallahi ni kweli, hakuna mafuta ya mmea yenye lehemu! Kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni hayo hayo yanayoganda, kibandiko kilikuwa kidogo.

Chumvi: Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Mimi hiyo naimaliza kwenye supu, kabla sijaonja.

Wamarekani walianza mwaka 1948 kuwafuatilia watu 5,209 katika mji wa Framingham, wakasema sigara, presha na lehemu vinaua moyo, kisha wakaendelea na watoto wao, halafu na wajukuu. Utafiti wangu ulichukua jioni moja, kijiweni, kwa kumchunguza marehemu mjomba. Alivuta sigara maisha yake yote na hakuumwa hata siku moja. Kiharusi kilimkuta akiwa mzima kabisa! Baba naye vivyo hivyo, na babu. Binti anaita hiyo hatari ya kurithi. Sisi kwetu ni mila.

Mwenyekiti ananiashiria niketi. Siketi; nikiinama kichwa kinazunguka, kwa sababu ya elimu. Chupa ziko mezani, mwenye chenji aje mbele. Na wewe binti, haya, njoo na hicho kipimo chako, ila zima kwanza kipaza sauti.