Besi Ipo, Chupa Haipo

Wauza iafoni wa Kakamega mjini wana wimbo mmoja wa majaribio. Kuanzia maduka ya karibu na steji hadi vibanda vya Barabara ya Canon Awori, ukiuliza kama kifaa ni kizuri utawekewa ngoma ileile ya kompyuta inayokugonga kisogoni, huku kijana akikukodolea macho: "Umeskia besi, mkubwa?"

Nimeskia. Hata meno yangu yameskia.

Taabu ni kwamba mimi ni mtu wa omutibo, lile gita kavu la kwetu Magharibi. Ukimsikiliza marehemu George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, gita liko katikati ya sauti, na juu yake kuna chupa ya soda inayogongwa kushika mapigo. Besi ya kujivunia haimo. Nazo iafoni za bei ya wastani, zile za kati ya shilingi elfu mbili na elfu tano, nyingi zimepandishwa besi tangu kiwandani, maana besi ndiyo inayomteka mnunuzi haraka akiwa amesimama dukani, nje makanga wanapiga kelele za Kisumu, Kisumu.

Nikamwomba kijana aniwekee Mukabi. Alimtafuta kwenye simu, akasikiliza kidogo, akaichomoa iafoni sikioni mwake, akaipangusa kwa shati, akanikabidhi kwa heshima zote. "Hii wimbo ni ya kitambo, mkubwa. Ndiyo maana haina besi. Si makosa ya mashine." Gita lilikuwa limejaa ukungu. Chupa haikusikika kabisa.

Maandishi ya pakiti nayo hayasaidii. Karibu zote zinajisifu kwamba zinatoa sauti kuanzia hertzi 20 hadi 20,000, ambayo ni mipaka ya sikio la kijana mwenye afya. Ni sawa na matatu kujitangaza kwamba ina magurudumu mbele na nyuma. Tena masikio hupoteza ile sauti ya juu kadiri miaka inavyosonga, kwa hiyo hertzi za mwishomwisho mimi nazilipia tu ili wengine wazifaidi.

Kilicho muhimu kuliko namba zote ni vile vipira vya ncha, ambavyo watu huviacha ndani ya pakiti. Kipira kisipoziba tundu la sikio sawasawa, besi huvuja yote. Mimi na mpwa wangu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, tulibishana jioni nzima juu ya iafoni moja, yeye akisema imepwaya, mimi nikisema inanguruma, kumbe tofauti ilikuwa kwenye matundu yetu. Yangu hata hayafanani: sikio la kushoto linataka kipira cha kati, la kulia kidogo. Siku moja niliichomoa ile ya kulia na kipira kikabaki ndani. Mpwa akaleta kikoleo cha nyusi. Senje, yaani shangazi yangu, akaleta maombi. Mhudumu wa zahanati alikitoa kabla sijamaliza kueleza, akakigeuzageuza kwenye mwanga, kisha akauliza kama besi yake ni nzuri.

Mpwa hushikilia kwamba bila besi nzito huwezi kusikiliza isukuti. Hapo ndipo tunapokosana kabisa. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ina ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga. Nina rekodi niliyoichukua kwa simu asubuhi fahali akisindikizwa kwenda kupigana uwanjani Khayega. Kwenye iafoni za mpwa, ngoma zote tatu zilikuwa ngoma moja iliyonenepa, na pembe ilikuwa ikipulizwa Vihiga. Tangu hapo kipimo changu dukani ni hicho: nikiweza kuzihesabu ngoma, natoa pochi.

Halafu kuna habari ya waya. Apple walipoondoa tundu la waya kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kampuni nyingine nyingi zikafuata, na sasa mtu wa waya anaonekana ametoka enzi za ukoloni. Nikakubali kuazima za mpwa zisizo na waya. Siku hiyo tulikuwa na wageni wa mahari. Senje, akiwa jikoni, alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Nikajifungia chumbani, nikavaa iafoni, nikabonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza hadi mwisho. Simu yangu ilikuwa bado imeunganishwa na spika ya mpwa iliyoko sebuleni, na hivyo wageni walisikia, kwa besi safi kabisa, maoni ya senje kuhusu mbavu za ng'ombe waliowaleta.

Nilinunua za waya. Bei yake ilikuwa chini ya zote nilizojaribu, na kijana alinionya mara kadhaa kwamba hazina besi. Chupa ya Mukabi inalia vizuri mno.

Zile zisizo na waya sasa wanagawana senje na mpwa, kila mtu na upande wake, maana senje hawezi kuziba masikio yote mawili wakati sufuria iko jikoni. Kwa rekodi za zamani za mono hakuna anayedhulumiwa, kwani pande zote mbili hupata kitu kilekile. Shida ni rumba za stereo, ambamo mara nyingi gita moja hulazwa kushoto na lingine kulia. Jioni moja senje alilalamika kwamba mpiga gita wa siku hizo alikuwa mvivu, tangu wimbo uanze anadonoadonoa tu.

"Wa kwangu hajapumzika hata kidogo, kukhu," mpwa akamwambia.

"Basi mwambie avuke aje huku."