Pongezi kwa Mandhari: Barua ya Wazi kwa Bodi za Udhibiti wa Ardhi, Kisii na Nyamira

Waheshimiwa wanabodi,

Pokeeni pongezi za wote wanaohama Nairobi, Mombasa na hata Minnesota wakitafuta kishamba chenye mandhari ya milima. Kwenu hawakosi. Anayetaka ukingo wa Manga atapata dalali. Anayetaka ukungu wa kilima cha Kiabonyoru naye atapata. Ploti ni ya futi hamsini kwa mia, vigingi vimepigwa katikati ya michai, na bei hupangwa kwa kinachoonekana ng'ambo, si kwa kinachoota hapo.

Linalostaajabisha ni ustadi wenu wa kusoma sheria. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 kinawaagiza kwa kawaida mnyime kibali cha kuuza au kugawa ardhi ya kilimo iwapo kuligawanya shamba kutapunguza tija yake, au iwapo mnunuzi haelekei kulilima vizuri. Sisi wa akili ndogo tungedhani anayekuja na ramani ya roshani badala ya jembe keshajikatalia mwenyewe. Kumbe macho nayo huvuna!

Nayo ardhi yenyewe ni haba: Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba ya Kisii, na zaidi ya 600 Nyamira, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 82. Ukiigawa Kisii yote kwa usawa, pamoja na barabara, mito na viwanja vya shule, kila mtu atapata takriban robo ekari. Tena shamba la Gusii, yaani la kaunti zenu hizi mbili, mara nyingi ni ukanda mwembamba unaoshuka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni: nyumba juu kando ya barabara, chai na migomba katikati, nyasi za nepia na mikaratusi chini. Mpenda mandhari huchukua kule juu. Familia iliyouza hubaki na mteremko na kijia cha kubebea vikapu vya majani chai, pembeni mwa ukuta wa jirani mpya.

Mtaniambia wana wa Gusii nao hugawana. Kweli, na sheria haikuwasahau: urithi unaokata shamba vipande nao unahitaji kibali chenu. Lakini anayerithi robo ekari huipanda mboga kwa kuwa ndiyo chakula chake, na huyo ni tofauti na anayeipanda nyasi za kukanyagia. Mtasema pia mwenye shamba ana karo na bili ya hospitali, na mali ni yake. Hoja hiyo ni nzito, wala siichezei. Ila kama dhiki yatosha kufuta kifungu cha 9, basi kifutwe Bungeni (lile lile ambalo Katiba ya 2010, ibara ya 68, ililiagiza liweke viwango vya chini na vya juu vya ekari, nalo bado linatafakari), kisipuuzwe kimyakimya faili baada ya faili. Kuhusu kazi wanazoleta wageni, fundi hulipwa mara moja, nyumba ikiisha. Mchai huchumwa miongo na miongo.

Wala simfungii mlango mgeni. Akodi nyumba mjini Nyamira, au ajenge penye mji tayari. Milima itaonekana vilevile. Ombi langu kwenu ni moja: katika kikao kijacho, kabla ya faili ya kwanza kufunguliwa, kifungu cha 9 kisomwe kwa sauti, kisha mwombaji aulizwe atalima nini.