Serikali Inayopima Nyasi

Wazee wangu, huku Minnesota majira ya joto yamefika, na pamoja na mbu limefika kwenye masanduku ya posta jarida la halmashauri, la mji mmoja mdogo kati ya ile inayouzunguka mji wa Minneapolis. Halikuandikiwa mtu kwa jina. Mahali pa anwani pameandikwa "Mteja wa Posta", na mteja huyo ni kila mwenye sanduku, awe mzaliwa wa hapa au Mkenya aliyehamia wiki iliyopita. Marekani mnayoijua kwenye sinema ni nchi ambayo mtu akishafunga mlango wake hakuna wa kumuuliza. Jarida hili linamuuliza mengi. Nyasi za uani zisizidi inchi 8, yaani kama sentimita 20. Bustani imwagiliwe tarehe za shufwa kama namba ya nyumba ni shufwa, na tarehe za witiri kama ni witiri. Pipa la taka litolewe jioni fulani na lirudishwe kesho yake, isipokuwa wiki yenye sikukuu, ambapo kila kitu kinasogea siku moja. Mbwa awe na leseni. Rais wa nchi hajui kama una nyasi. Halmashauri inajua na urefu wake, na ukikaidi onyo inaleta mfyekaji wake, kisha gharama inaiongeza kwenye kodi ya nyumba.

Mtacheka, na mna haki ya kucheka. Lakini mkimaliza kucheka nisikilizeni, maana nimelisoma mpaka ukurasa wa nyuma na nina hoja. Huduma kubwa ambayo mji huu unawapa wakazi wake, kuliko hata maji na lami, ni kuwaambia mapema. Kero iliyotajiwa barabara na tarehe imekwisha nusu kabla haijafika.

Chanzo cha tabia hiyo ni baridi. Hapa ardhi huganda kiasi kwamba mabomba ya maji hulazwa zaidi ya mita 2 chini yasije yakapasuka, na viwanda vya lami hufungwa hadi joto lirudi. Kazi zote za mwaka zinabanwa kwenye miezi michache, na wenyeji wana utani wao wa siku nyingi kwamba jimbo lina majira mawili tu, baridi na ukarabati wa barabara. Kwa hiyo jarida la majira ya joto, ukiondoa matangazo ya muziki bustanini na usomaji wa watoto maktaba, ni orodha ya usumbufu: barabara hii itafumuliwa kuanzia wiki ile, pita kule, hidranti zitafunguliwa mtaa wako siku kadhaa ili kusafisha mabomba, maji yatatoka na rangi ya kutu, siku hiyo usifue nguo nyeupe. Hebu tutue kidogo kwenye hizo nguo nyeupe. Hakuna aliyeahidi kwamba maji yatakuwa safi. Wamekiri kabisa kwamba yatakuwa machafu. Lakini kanzu ya Ijumaa imenusurika, na kilichoinusuru ni sentensi moja iliyochapishwa mapema. Ni kweli kwamba kila tarehe ya barabara imefuatwa na maneno "hali ya hewa ikiruhusu", ambayo ndiyo inshallah ya mainjinia, na wanaitumia kwa uhuru uleule tunaoutumia sisi tukialikwa harusi ya mbali. Hata hivyo tarehe ipo, na mtu mwenye tarehe ana cha kushika anapopiga simu kulalamika.

Tena kuambizana kunakwenda pande zote mbili. Anayetaka kuchimba shimo la mti uani kwake anatakiwa kwanza apige 811, siku kadhaa kabla, bila kulipa hata senti. Wanakuja watu na rangi na vibendera vidogo, wanavichomeka kwenye nyasi: nyekundu ni umeme, njano gesi, bluu maji, machungwa simu na intaneti, kijani majitaka, nyeupe ni pale unapokusudia kuchimba wewe. Uwanja mzima unapendeza utadhani kuna mkutano wa hadhara wa vyama vingi. Anayepita anacheka kwamba hapa hata mwembe unahitaji kibali (mwembe wenyewe ungekufa Oktoba). Lakini waulizeni wanaoishi mahali ambapo mkandarasi wa barabara hukata bomba la maji, mkandarasi wa bomba hukata waya wa simu, na fundi wa simu hufukua barabara mpya kabla rangi ya mistari haijakauka. Kwenye uwanja huu mtandao wa siri ulio chini ya nyasi umewekwa hadharani kabla ya jembe la kwanza.

Ving'ora navyo vinafuata mantiki hiyohiyo. Karibu jimbo zima hujaribiwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa saba mchana. Kwetu Tanzania mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hapa, ikilia Jumatano hiyo saa hiyo, imetangazwa rasmi kuwa haina jambo, watu wanaendelea na chakula cha mchana, na hata mbwa wenye leseni hawashtuki sana. Ikilia siku nyingine isiyotangazwa, shuka chini ya nyumba haraka, huenda tonado inakuja. Tangazo la king'ora cha bure ndilo linalokipa nguvu kile cha kweli. Na mbu, wazee wangu! Kaunti saba za eneo la Minneapolis na St. Paul zina mamlaka ya kudhibiti mbu iliyoundwa 1958, inayoendeshwa kwa kodi za nyumba, na yenye helikopta za kumwaga chembe za dawa kwenye vinamasi. Helikopta, kwa mbu wasio na malaria, maana nchi hii iliimaliza mwaka 1951. Tangu 2002 wapo wenye virusi vya West Nile, hilo si jambo dogo, ila hasira ya wakazi ina uhusiano zaidi na nyama choma iliyovurugwa. Dawa yenyewe ni bakteria wanaoua viluwiluwi, wa aina ileile inayotengenezwa kwenye kiwanda chetu cha Kibaha, kilichozinduliwa 2015 kwa ushirikiano na Kuba. Kwa hiyo dawa tunayo. Ambacho mkazi wa huku anacho zaidi ni kujua kwamba helikopta inayopita chini chini juu ya kinamasi cha jirani imekuja kwa ajili ya mbu, si kwa ajili yake.

Najua mjomba atasema nini: wana pesa hao. Jibu la haraka ni kwamba kuandika tarehe hakuhitaji greda. Lakini mjomba si mtu wa kupewa jibu la haraka, na hoja yake ina uzito kuliko inavyoonekana. Tarehe huandikwa na mtu anayejua kwamba bajeti imepita, mkandarasi amesaini, na mabomba yapo stoo. Mhandisi anayengoja kipuri cha pampu, na hajui kiko bandari gani, hawezi kuandika tarehe. Anaandika "hivi karibuni". Nakubali. Ila kama ni hivyo, tarehe inageuka kuwa kipimo kizuri kuliko hotuba yoyote: ikikosekana, mkazi amejua kwamba mpango haupo. Pia hapa pesa na taarifa zimefungwa kwenye kamba moja. Kodi ya nyumba hulipwa kwa awamu mbili, 15 Mei na 15 Oktoba, na jarida linamkuta mlipaji katikati, akiwa bado ana uchungu. Kisha kati ya 10 na 24 Novemba anaandikiwa barua inayomwonyesha kodi inayopendekezwa kwa mwaka ujao, na siku ya kikao ambacho anaweza kwenda kubisha. Halmashauri haitoi taarifa kwa upole wa moyo. Inamwogopa huyu Mteja wa Posta.

Shangazi naye atasema kwetu hatuna haja ya makaratasi, habari zinafika. Mashirika yetu ya maji na umeme nayo hutangaza kwamba huduma itakatika kwenye "baadhi ya maeneo", na huomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Sheria yetu ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji uitwe kila miezi mitatu, kwa hiyo kuambiana si jambo la Wazungu. Yote kweli. Lakini "baadhi ya maeneo" si anwani, na radhi inayoombwa kabla ya tarehe kujulikana haimsaidii mwenye saluni. Habari za mdomo, nazo, zinawafikia wanaokaa kijiweni. Mpangaji mgeni na muuguzi wa zamu ya usiku zinawapita. Upande wa kujuana majirani, huku wako hoi kuliko sisi. Jumanne ya kwanza ya Agosti, kwa desturi iliyoanza 1984, majirani huomba halmashauri ifunge mtaa jioni moja ili watoke nje na vyakula, waonane sura na wasalimiane. Fomu ijazwe mapema. Wazee wangu, kuna nchi ambayo salamu inapangiwa siku na kuwekewa vizuizi vya barabarani, na polisi wanakuja kula.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni kwamba serikali inayokujulisha kila kitu imekaribia mno. Nyasi zinapimwaje bila jirani kuchongea? Na anayechongewa mara nyingi ni mgeni, au bibi kizee asiye na mashine ya kufyekea. Hapa jarida linajibu lenyewe bila kukusudia. Linakumbusha kwamba mwaka 2023 jimbo lilipitisha sheria ya kuzilazimisha halmashauri ziwaruhusu wenye nyumba kupanda maua na nyasi za asili zinazozidi inchi 8, mradi bustani iwe imepangwa na inatunzwa. Uvivu wa kuacha nyasi za kawaida zijiotee hauhesabiki. Kanuni iliyochapishwa waziwazi iliweza kubishiwa waziwazi, mpaka nyuki wakapata chakula. Kuhusu utii, sisemi kwamba tangazo hufanya miujiza. Kila mwaka linakumbushwa katazo la fataki zinazoruka au kulipuka, na kila usiku wa 4 Julai anga inalipuka kwa bidhaa zilizonunuliwa ng'ambo ya mpaka, Wisconsin. Moshi wa misitu ya Kanada nao hausomi jarida. Tahadhari ya hewa ilitolewa Juni 2023 na watu walikohoa wakiwa na taarifa kamili.

Kasoro isiyo na utetezi ni lugha. Miji mingi ya hapa huweka pembeni mwa jarida mstari wa Kihispania, Kihmong na Kisomali kumwelekeza asiyejua Kiingereza mahali pa kuuliza. Kiswahili ni nadra kukiona, ilhali Wakenya wamejaa kwenye miji ya hapa ya Brooklyn Park na Brooklyn Center. Inasemwa kwamba Wakenya wanajua Kiingereza, na vijana wao wanakijua sana. Bibi aliyeletwa kulea wajukuu hakijui, na ndiye anayebaki nyumbani mchana, hidranti zinapofunguliwa, akifua.

Wasalimieni wote. Mjomba, ukikutana na mwenyekiti wa mtaa, habari ya nyasi mfiche, asije akanunua rula. Mwulize mtaro wa sokoni utazibuliwa tarehe ngapi.