Wageni Nao Waende Darasani

Binamu yangu yuko Seattle, jimbo la Washington, na serikali ya huko inamlipa kwa kumtunza mama yake mzazi nyumbani. Ila kwanza alipelekwa darasani saa 35. Angekuwa mtu baki angesoma 75. Nilipolisimulia hilo barazani hapa Makorora, Tanga, watu walicheka hadi kahawa ikawamwagikia. Mtoto afundishwe kumwogesha mamaye?

Mimi sikucheka. Namtunza baba yangu, Mzee; kiharusi kimemshika upande wa kulia. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa ndiyo nguzo ya matunzo. Haikusema nani hasa katika familia, lakini kikao cha ukoo hakikuhangaika: kitinda mimba, asiye na ajira ya kueleweka. Kaka zangu wa Dar hunitumia hela ya sabuni, na kwa hela hiyo wamekuwa waajiri. Hupiga simu ya video wakati wa chakula: "Hebu geuza tumwone Mzee. Mbona shuka ni lile la jana?"

Mafunzo yangu yote ni dakika chache za muuguzi mmoja aliyekuwa anatoka zamu. Mgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Usimvute mkono uliopooza, bega litachomoka. Alishwe ameketi, asipaliwe. Basi.

Wageni sasa! Hawakufundishwa na yeyote, na wote ni walimu. Wa Pangani akiingia tu anaudaka mkono uleule wa kulia, anautingisha mpaka habari za mjini ziishe. Shangazi wa Muheza kaja na ugali wa bada na samaki, anamkatia tonge Mzee akiwa chali. Nikimwomba tumkalishe kwanza, ananikata: "Nimemlisha huyu kabla babu yako hajafikiria kumwoza!" Jirani naye anauliza kwa nini namgeuzageuza Mzee wa watu kama chapati, nimwache apumzike.

Kwa hiyo siku serikali yetu ikileta saa zake 35, mimi wanipe tano, zilizobaki wagawiwe wageni. Shangazi peke yake achukue kumi. Na mtihani ufanyikie mlangoni, kwa vitendo: asiyejua mkono upi wa kushika, bada lake liingie, yeye abaki barazani.