Jinsi ya Kupoteza Harusi ya Watu kwa Waya wa Kuchajia Simu

Kompyuta nunua ya gharama. Hapo usibane. Chagua yenye mwili wa chuma na taa chini ya vitufe, uiweke mezani mahali ambapo mteja ataiona kabla hajakaa. Pesa ikishakwisha huko ndipo ukumbuke kwamba video za harusi zinahitaji pa kulala, uingie Kariakoo na elfu thelathini mfukoni kutafuta diski ya nje. Wengi wetu tunaohariri harusi hapa Dar tumefuata mpangilio huu. Mimi niliufuata kwa uaminifu.

Utaonyeshwa flashi ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imeandikwa 2TB, bei yake sahani chache za biriani. Usiulize maswali, utamkera muuzaji. Ndani mna kijidude cha gigabaiti 32, pengine 64, kilichochakachuliwa kiiambie kompyuta kwamba kina terabaiti mbili, na kompyuta kwa malezi yake mema huwa haibishani na mgeni. Utahamishia sendofu, utahamishia kitchen party, utahamishia misa yote. Majina ya mafaili yatapangika vizuri kabisa. Siku ya kuyafungua ndiyo utakayogundua kwamba nafasi ilikwisha kabla maharusi hawajafika kanisani, na yaliyofuata yalikuwa yakimwagwa tu. Kuna programu ya bure, H2testw, inayojaza flashi nzima kisha kuisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Usiitumie. Inachukua muda, na inaua matumaini ya mtu.

Baada ya msiba huo wa kwanza, shemeji yangu aliyeko Muscat alinihurumia akanitumia SSD halisi, boksi limeandikwa megabaiti 1,000 kwa sekunde. Na hapa ndipo mwongozo wangu unapofikia kilele, kwa sababu diski nzuri huharibiwa kwa ufundi zaidi kuliko diski mbovu.

Ufundi wenyewe ni waya. Waya wa asili wa SSD ni mfupi kama shubiri, unakera. Uweke kwenye droo, uchukue ule mrefu wa chaja ya simu. Si kichwa ni kilekile? Kinaingia, kinabana, taa inawaka. Tatizo ni kwamba kichwa cha USB-C ni umbo tu la mlango, hakisemi barabara iliyo nyuma yake ina upana gani. Nyaya nyingi za kuchajia zimejengwa kupitisha umeme, na kwa upande wa data zinaishia kasi ya USB 2.0, kiwango cha mwaka 2000: megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi, na kwenye meza yako kama megabaiti 35 hivi. Hata iPhone 15 Pro ya mwaka 2023, ambayo tundu lake linafika gigabiti 10, ilikuja na waya wa kasi ya USB 2.0 ndani ya boksi.

Harusi niliyokuwa naihariri ilikuwa na kamera tatu, kila moja saa nne, 4K ya megabiti 100 kwa sekunde. Piga hesabu: gigabaiti 45 kwa saa moja, jumla kama 540. Kwa waya wa chaja, kuzihamisha kulikula zaidi ya saa nne. Haraka haraka haina baraka, alisema mhenga ambaye bila shaka naye alikuwa na USB 2.0. Kisha nikazipanga kamera tatu pamoja nianze kuhariri. Kamera moja inataka megabaiti 12.5 kila sekunde, tatu zinataka 37.5, na waya unatoa 35. Bwana harusi akainua pete, akaganda. Akaendelea hatua mbili, akaganda tena, kama mtu anayeifikiria upya ndoa yake.

Nilifanya kila ninachokushauri ufanye. Nililaumu programu, nikaifuta na kuirudisha. Nililaumu joto, nikanunua feni. Nilimpa fundi mmoja pesa aongeze RAM, akaongeza, bwana harusi akaendelea kusitasita. Kijana wa jirani, anayesoma kidato cha tatu, ndiye aliyeuangalia ule waya akaniuliza: “Anko, huu si wa chaja?” Tulipoutoa wa asili kwenye droo na kuhamisha upya kutoka ndani ya kompyuta, mzigo uleule ulipita kwa dakika zisizofika kumi na tano. Sikumshukuru. Mtoto hapaswi kujua vitu hivyo.

Ukilazimika kununua waya, basi nunua kwa kusoma namba kubwa kwenye boksi bila kutazama herufi inayofuata. Watangazaji hupenda biti, kwa kuwa biti nane ndizo zinazofanya baiti moja, kama muuza kitenge anayekutajia urefu kwa inchi ili uonekane mrefu. Gigabiti 10 kwa sekunde ukizigawa kwa nane na kuondoa ushuru wa njiani, unabaki na kama gigabaiti moja. Majina nayo yatakusaidia kupotea. USB 3.0 ilizaliwa mwaka 2008 na kasi ya gigabiti 5. Mwaka 2013 ikabatizwa USB 3.1 Gen 1, na 2017 ikabatizwa tena USB 3.2 Gen 1. Kasi ni ileile. Nawajua watu waliobatizwa mara tatu na bado hawajaacha pombe. Thunderbolt 3 ya mwaka 2015, gigabiti 40, nayo ikavaa kichwa cha USB-C, na alama yake ya radi humfanya mteja adhani ni tundu la kuchajia.

Kwenye diski za kuzunguka, zile za sahani ndani, niseme kwa ufupi: zinatoa megabaiti 130 hivi, zinatosha kabisa kuhifadhi kazi iliyokwisha, kwa hiyo wewe hariria humohumo. Sindano yake italazimika kurukaruka kati ya kamera tatu kama konda anayedai nauli kwenye daladala lililojaa. Ukigeuza video kuwa muundo wa kuhariria wa ProRes 422 HQ ya 4K, kamera moja pekee inataka kama megabaiti 92 kila sekunde. Sikiliza mlio wa hiyo diski.

Diski iache kwenye mfumo wa FAT32 iliokuja nao, ambao haupokei faili linalozidi gigabaiti 4, yaani kama dakika tano za kamera yako. Ukitaka kasi zaidi, nunua kisanduku cha diski mbili uziunge kwa RAID 0: kila faili hukatwa vipande, huku na kule. Diski moja ikifa, nyingine inabaki na vipande vya kila kitu, na hakuna kilicho kizima. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, chomoa tu.

Nakala weka moja. Wapiga picha wana kanuni iliyoenezwa na Peter Krogh: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Wamekosa imani hao. Mwaka 1998 pale Pixar mtu aliamuru kompyuta ifute, na filamu ya Toy Story 2 ikaanza kuyeyuka huku watu wakiitazama; nakala za akiba nazo zikakutwa hazifai. Hadithi ingeishia pazuri, ila mfanyakazi wao Galyn Susman alikuwa amejifungua, anafanyia kazi nyumbani, na alikuwa na nakala yake kwenye kompyuta ya huko. Kompyuta hiyo ilibebwa garini ikiwa imeviringishwa mablanketi kama mtoto mchanga. Nawe usizae karibu na mradi.

Mama wa bi harusi yule wa misa iliyomwagika bado hunipigia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Ile CD imefikia wapi?”

“Inamalizikia mama.”

“Haya, basi fanya upesi, mjukuu anaanza shule Januari.”

Ule waya mrefu nimempa mdogo wangu, anachajia simu. Kazi hiyo unaifanya vizuri sana.