Jinsi ya Kuandaa Madaraka Katika Mji Mdogo

Katiba ya mwaka 2010 imewapa Wakenya sikukuu tatu za kitaifa: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Haikusema viti vitatoka wapi. Hilo ndilo jambo la kwanza kulishughulikia ukiteuliwa katika kamati ya maandalizi. Na utateuliwa tu, hasa ukipita karibu na ofisi ya chifu siku ya mkutano.

Serikali ina bendera, ina askari wa gwaride na ina hotuba. Viti haina. Viti vya plastiki viko kwa akina mama wa chama, kanisani, msikitini, na kwa yule mzee anayekodisha hema za matanga. Barua usiandike. Mwendee mama mweka hazina nyumbani kwake jioni, kaa, kunywa chai, uliza habari za mguu unaomsumbua, na viti uvitaje ukiwa umeshasimama kuaga. Atakwambia vina wenyewe, naye hana uamuzi. Mshukuru sana, maana hapo ameshakubali. Kabla ya kuvipakia kwenye mkokoteni, pindua kila kimoja uone herufi zilizopakwa rangi chini yake. Vya kanisa vina msalaba wa bluu. Vya chama vina herufi mbili nyekundu, na kimoja kimefungwa mguu kwa waya. Hicho mpe mgeni mwembamba.

Ratiba iandike kwamba shughuli zinaanza saa tatu kamili. Watakaoamini ni watoto wa shule ya msingi, ambao watakuwa wamepangwa mistari tangu saa moja na nusu. Mgeni wa heshima, yaani Naibu Kamishna wa Kaunti, atafika saa tano. Muda wa katikati umwachie MC, naye ataujaza kwa "moja mbili, moja mbili" mpaka kipaza sauti kipige yowe na mbuzi wa jirani wakate kamba.

Wimbo wa taifa una beti tatu. Wa kwanza huimbwa na wote, wa pili na walimu, wa tatu na skauti. Wengine watikise midomo tu. Sauti ya wimbo huu ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, na kufikia ubeti wa tatu utaona bado inafanya kazi yake ya asili.

Kisha salamu. Kila msemaji ataanza kwa kutangaza kuwa itifaki imezingatiwa, halafu aizingatie upya, jina kwa jina. Usimkatize. Aliyerukwa leo atakukumbusha mwaka ujao ukimwomba mchango.

Hotuba ya Rais husomwa na mgeni wa heshima, neno kwa neno, pamoja na zile "serikali yangu" zote. Shida ni kijana mwenye redio chini ya mwarobaini: kwenye redio yake Rais mwenyewe yuko kurasa tano mbele. Mwombe azime, la sivyo atazipigia makofi barabara ambazo huku hazijaahidiwa. Wewe piga makofi kila usikiapo neno "bilioni". Hutakosea sana.

Baada ya hapo ondoa meza upesi, kwa sababu watu walikuja kwa ajili ya kuvuta kamba, walimu dhidi ya polisi. Bucha litafungwa, bodaboda watakata injini, na hata wale ambao hawajasalimiana tangu uchaguzi watajikuta wameshikana viuno, wakiwasaidia walimu kinyume cha sheria zote za mchezo. Mwalimu mkuu atavua viatu. Soksi ya kushoto ina tundu penye kidole gumba, na wanafunzi wake watalizungumzia mpaka Krismasi. OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, akitaka mchezo urudiwe, mkubalie. Askari wake watashindwa tena.

Chakula: kama umealika ishirini, pika cha sitini. Mgeni mwalikwa huja na dereva, dereva huja na shemeji, na shemeji ndiye huuliza kama pilau limebaki. Wapishi wenu ni wale wale akina mama wa viti, basi msiwape maagizo. Kuni zikiisha watajua watoe wapi, na ukiona ua wa ofisi ya chifu umepungua fito mbili tatu, hukuona kitu.

Jioni hesabu viti. Vitapungua viwili au vitatu, vya msalaba kwa kawaida. Usitangaze kwa kipaza sauti na usipeleke habari polisi, ambao bado wamenuna kwa sababu ya kamba. Ngojea matanga ya kwanza baada ya sikukuu. Nenda mapema, toa rambirambi zako, kaa safu ya nyuma, kisha jifanye umeangusha kalamu, uiname na uchungulie chini ya viti.