Kamati Ifute Nyimbo za Kina Mama

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe, Kamati ya Muziki,



Nimepokea kwa unyenyekevu msimamo wenu kwamba kutunga ni kazi ya mwalimu wa kwaya, mwalimu ni mwanaume, na sisi kina mama tumejaliwa soprano, alto na kushona sare. Utaratibu mzuri. Naomba tu ufuatwe bila upendeleo hapa Mbozi Mission.

Tuanze na "Ndiyo Dhamana". Tuni yake ilitungwa na Phoebe Knapp wa New York mwaka 1873. Alimpigia tuni hiyo rafiki yake kipofu, Fanny Crosby, akamwuliza inasema nini, na Crosby akaitilia maneno. Wanawake wawili, mwalimu hakuitwa! Wimbo ufutwe. Mabesi waliokwisha kuukariri wapewe semina.

Kuna pia mtunzi Fanny Hensel wa Ujerumani. Mwaka 1820 baba yake alimwandikia kwamba muziki huenda ukawa kazi ya mdogo wake, Felix Mendelssohn, lakini kwake uwe pambo tu. Basi nyimbo zake 6 zikachapwa kwa jina la Felix. Mwaka 1842 Malkia Victoria akamwimbia Felix wimbo mmoja alioupenda kati ya hizo. Maskini Felix, ikambidi akiri kuwa ni wa dada yake. Mnaona hatari? Sonata ya Pasaka ya Hensel, aliyoitunga 1828, nayo ilihesabiwa kuwa ya Felix mpaka mtafiti Angela Mace alipothibitisha mwaka 2010 kuwa ni ya dada mtu.

Kwetu hatujafika huko. Mama akibuni wimbo huku anapepeta mahindi, mwalimu anauandika kwa solfa, anatia jina lake, na daftari linabaki safi. Malkia hatapata la kuuliza.

Mtunzi Mkenya Nyokabi Kariũki, aliyetoa "peace places: kenyan memories" mwaka 2022, nawaachia wa mpakani Namanga wamzuie. Upande wa Tunduma tutajilinda wenyewe.

Linalonisumbua ni Herrnhut, kule Ujerumani, walikotoka Wamoravian waliofika hapa 1899. Mwaka 1730 walipiga kura kumpata mzee mkuu wa kina mama, ikamwangukia Anna Nitschmann, binti wa miaka 14, ambaye pia aliandika tenzi. Naomba kura hiyo irudiwe, na safari hii wagombea wawe walimu wa kwaya tu.

Wenu mtiifu,
Mwana-alto, safu ya nyuma